Siku nane kati ya majani na maji: kutoka Usangu hadi Mtera

Siku ya kwanza: Uyole hadi Igurusi

Niliondoka Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, katikati ya Oktoba, mwezi ambao nyumbani kwetu wakulima huanza kupiga matuta ya viazi wakisubiri mvua, ilhali bondeni Usangu ni kilele cha kiangazi. Nimefundisha jiografia kwa miaka 27, na kila mwaka nilikuwa na kipindi kimoja kuhusu wafugaji wa kuhamahama. Katika mitihani wanafunzi waliandika kuwa watu hao huhama kwa sababu hawana makazi maalumu, nami nililipa jibu hilo alama mbili kwa mbili. Nilipostaafu, shemeji yangu, ambaye hununua ng'ombe kwa ajili ya mabucha ya Mbeya na anazijua njia za mbugani kama mimi ninavyoijua chaki, aliniuliza kama nimewahi kulala hata usiku mmoja katika boma la mfugaji. Sikuwa na la kumjibu.

Basi dogo liliteremka Inyala polepole nyuma ya malori ya Zambia, na kwa mwendo wa saa moja tu tulitoka kwenye kimo cha mita 1,800 hivi tukafika chini ambako joto lilitupokea mlangoni. Tulilala Igurusi. Sina la kusimulia kuhusu nyumba ya wageni isipokuwa mbu.

Siku ya pili: Igurusi hadi jirani na Utengule

Kulipokucha tulikodi pikipiki mbili na kushika njia ya vumbi kuelekea kaskazini. Kushoto na kulia yalikuwa majaruba ya mpunga yaliyokauka, udongo wake mweusi ukiwa umepasuka nyufa ambazo mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko. Huo ndio udongo wa mbuga, ambao wakati wa masika hunasa trekta na wakati wa kiangazi huvunja miguu ya ndama. Tulipita Utengule, mahali ambapo ukoo wa Merere, watawala wa Wasangu, walikuwa na makao yao katika karne ya 19, enzi ambazo Wasangu na Wahehe walipigana vita vya kunyang'anyana watu na ng'ombe. Nilitaka kusimama nitazame, lakini shemeji alisema kwamba mwenyeji wetu hapendi kusubiri.

Mwenyeji huyo ni mzee wa Kisukuma wa umri wa miaka 70 na ushei. Tulimsalimu shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaanza upya kwa Kisukuma chake, mwadila, na shemeji akamjibu vizuri huku mimi nikibaki na tabasamu. Tuliletewa maziwa mgando, ugali wa mtama, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Mji wake una nyumba za bati na za nyasi zilizozunguka zizi kubwa la miiba, plau tatu zimeegemezwa kwenye mkwaju, na mkokoteni ambao gurudumu lake moja limefungwa waya. Huyu si mtu asiye na makazi. Analima mpunga kwa maksai wake, na ana kaburi la mke wake wa kwanza hatua chache kutoka mlangoni.

Alinieleza jinsi alivyofika hapa. Aliondoka upande wa Shinyanga katika miaka ya 1980 akiwa kijana mwenye ng'ombe wa baba yake, akapita Tabora, Sikonge, Rungwa na Chunya, akisimama mwezi mzima mahali penye majani na kukimbia usiku kucha mahali penye mbung'o. Nilimwuliza kwa nini alihama. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekuja darasani bila daftari. Alisema kwamba kwao mashamba ya pamba na mahindi yalikuwa yamekula malisho, na ng'ombe walikuwa wanatembea asubuhi hadi jioni na kurudi na njaa ileile waliyoondoka nayo. "Mwezi wa kumi," alisema, "maji na majani hayakai nyumba moja. Kazi ya mchungaji ni kuyapatanisha."

Jioni alinionyesha kitu ambacho sikutarajia kukikuta Usangu: eneo la ekari kadhaa lililozungushiwa miiba, nyasi zake zikiwa zimesimama hadi magotini, kavu na za rangi ya dhahabu. Ni ngitili, yaani malisho yanayofungwa tangu masika ili yaliwe kiangazi na ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Desturi hiyo ni ya Wasukuma wa zamani, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulirudisha misitu na nyasi za mkoa ule kwa kuitegemea sana. Mzee aliiacha kwao, akaja akaipanda upya huku. Nilihesabu akilini ni mara ngapi nimewaambia watoto wa watu kwamba mfugaji wa asili hahifadhi malisho.

Siku ya tatu: na ng'ombe, kutwa nzima

Niliomba kufuatana na kundi, nikakubaliwa kwa masharti mawili: nisivae shati jekundu nililokuwa nalo, kwa kuwa kuna fahali mmoja asiyenijua, na nisiombe kupumzika kabla ya ng'ombe. Kundi lilikuwa la ng'ombe 86, waliochungwa na vijana wawili wa mzee, mmoja wa miaka 20 na mwingine wa 14. Huyo wa 14 nilimwuliza darasa lake, akaniambia aliacha la tano. Nilinyamaza, ingawa jambo hilo lilinikaa rohoni siku nzima, na bado siamini kuwa hesabu yoyote ya majani inalihalalisha.

Tuliondoka saa mbili asubuhi baada ya kukamua. Ndama walibaki nyumbani wakilia, na mama zao waligeuka mara mbili tatu kabla ya kukubali njia. Kwa saa ya kwanza hapakuwa na kitu cha kuliwa, kwa sababu nchi yote iliyo karibu na maji ilikwisha kunyolewa tangu Agosti, hata visiki vya mpunga vilikuwa vimeng'olewa. Majani yalianza mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani, upande ambao hauna maji kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa usemi wa mzee. Nyasi zilizobaki mwezi wa kumi zimebaki kwa sababu ziko mbali na kisima, na maji yaliyobaki yamezungukwa na vumbi kwa sababu kila mnyama amekwenda kuyafuata. Ng'ombe akikaa majini atakufa njaa, akikaa kwenye majani atakufa kiu, na akitembezwa kila siku baina ya viwili hivyo atatumia njiani nguvu zote alizozila. Kwa hiyo mzee amegawa siku: leo majani tu, kesho majani machache na maji, na ng'ombe hunywa siku moja na kuruka moja. Vijana walisema kuwa wanaonyonyesha hawavumilii mpango huo, nao hutengwa na kunyweshwa kila siku karibu na nyumbani, ambako hulishwa pumba za mpunga zinazonunuliwa kwenye mashine za kukoboa.

Siku yetu ilikuwa ya maji. Saa nane mchana, jua likiwa limetuelemea, ng'ombe wa mbele aliinua pua, akaanza kutembea upesi bila kuswagwa, na kundi zima likamfuata. Vijana walikimbia kuwatangulia, kwa sababu ng'ombe 86 wenye kiu wakiingia pamoja kwenye dimbwi hukanyagana na kuyavuruga maji wasiyonywa. Tulifika penye mkia wa mfereji wa mashamba, mahali ambapo maji yalikuwa ya upana wa meza na kina cha sahani. Makundi mengine matatu yalikuwa yametutangulia. Hakuna aliyegombana. Waliingizwa kumi kumi, wa kila mji kwa zamu, na sisi tulingoja hadi saa kumi.

Nikiwa nimekaa kivulini mwa mgunga niliona kwa mbali vigingi vya mpaka wa hifadhi, na nyuma yake nyasi ambazo hazijaguswa. Usangu iliwahi kuwa pori la akiba kuanzia mwaka 1998. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji wengi kutoka bonde la Ihefu, kinamasi cha Usangu, na maelfu ya mifugo yakaswagwa kuelekea Pwani na Lindi. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo ikafikia ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 20,000. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa mto. Ruaha Mkuu, ambao hukusanya maji ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera, huingia Ihefu na kutoka penye mwamba wa Ng'iriama, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikauka kila kiangazi chini ya mwamba huo. Ng'ombe walilaumiwa kwa sauti kubwa. Tafiti zilizofanywa bondeni mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye zilionyesha kuwa sababu kubwa ni maji yanayochepushwa na mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi. Sisemi kwamba ng'ombe hawana athari. Nimeona kwa macho yangu kingo za mfereji zilivyobomolewa na kwato. Lakini nilikuwa nimekaa mahali ambapo mfereji unaishia, na palikuwa na matope tu.

Tulirudi nyumbani saa moja usiku. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nikawa kichekesho cha wake wa mji mzima, ambao walinichemshia maji ya chumvi.

Siku ya nne: boma la Wabarabaig

Shemeji alikuwa na biashara ya maksai wawili kwa Wabarabaig wanaokaa mwendo wa pikipiki saa moja na nusu kutoka hapo. Huku kila mtu huwaita Wamang'ati, jina ambalo wenyewe hawalipendi, kwa kuwa walipewa na Wamaasai kwa maana ya adui. Boma lao ni la miiba mikali, nyumba zao ni fupi zilizosiribwa udongo hadi kwenye paa, na mwanamke mkubwa wa pale alivaa sketi ya ngozi yenye nyuzi nyingi na bangili za shaba zilizofunika mkono kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Alitupa maziwa bila kutuuliza tumetoka wapi. Maswali yalikuja baada ya kikombe kuwa kitupu.

Mume wake anazungumza Kiswahili kidogo, na kila sentensi aliyoitoa aliipima kwanza. Alizaliwa Basotu, chini ya Mlima Hanang. Huko ndiko mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalikoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, yakaenea hadi kufikia ekari 100,000 hivi za nyanda bora za malisho. Wabarabaig waliyapinga mahakamani. Mzee huyu hakuzungumzia kesi wala ekari. Alizungumzia kaburi. Kwao mzee mwenye heshima huzikwa kwa bung'eda, sherehe ya miezi mingi ambayo kila siku huinua kidogo kidogo kilima cha udongo juu ya kaburi lake, na babu yake alikuwa na kilima cha namna hiyo. Trekta zilipita juu yake. "Sasa ni ngano," alisema, akafuta ardhi kwa kiganja kuonyesha ilivyosawazishwa.

Alihama kwa ajili ya ngano, akafika kwenye mpunga. Nilitamani kumwuliza atakwenda wapi ukifika msimu wa tatu wa namna hiyo, lakini shemeji alinigusa bega, kwa sababu mazungumzo ya bei yalikuwa yanaanza, na mtu haulizwi mambo ya kaburi na ya bei katika kikao kimoja. Waliafikiana baada ya saa mbili. Maksai mmoja alikuwa na hereni ya utambuzi sikioni, mwingine hakuwa nayo, na huyo wa pili alipunguziwa bei kwa sababu ya usumbufu wa kibali njiani.

Siku ya tano: Rujewa, Ubaruku, Madibira

Shemeji alirudi Mbeya na ng'ombe wake, nami nikaendelea peke yangu. Siku hii ilikuwa ya magari tu. Kuanzia Rujewa hadi Ubaruku ni nchi ya mpunga, yenye shamba la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1970, na baada ya siku tatu za vumbi macho yangu yalishtuka kuona mfereji uliojaa maji hadi ukingoni. Madibira nilikula wali mtamu kuliko wote nilioula mwaka huu, kwa samaki wa mchuzi, nikaona aibu kidogo kwa jinsi nilivyoufurahia.

Siku ya sita: Mafinga na Iringa

Kutoka Madibira gari lilipanda kuelekea Mafinga, na kila dakika kumi nilifunga kifungo kimoja cha koti. Misonobari ya Sao Hill, ukungu, chai ya maziwa. Iringa mjini nilimkuta kijana wa Kimaasai akilinda duka karibu na soko kuu, na nilipomwambia ninakwenda upande wa bwawa la Mtera alinipa jina la baba yake na namba ya simu, akanituma nimpelekee tumbaku.

Siku ya saba: Isimani na kushuka Nyang'oro

Nilipanda basi la Dodoma. Isimani ni nchi iliyochoka. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa ghala la mahindi la Iringa, msitu wake ukakatwa kwa kasi, na ugomvi wa ardhi ukafikia kilele siku ya Krismasi ya 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa huko wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Mvua ni ya wasiwasi, na mahindi mengi niliyoyaona yalikuwa mabua yaliyoachwa kwa mbuzi. Baada ya mteremko wa Nyang'oro nchi ilibadilika tena, mibuyu ikaanza kusimama mmojammoja bila jani hata moja, na joto likawa la Usangu au kuzidi.

Nilishuka karibu na Izazi, ambako mwenye tumbaku yake alikuwa ananisubiri barabarani, shuka begani na fimbo mkononi. Boma lake lina mbuzi wengi kuliko ng'ombe. Alisema kwamba zamani ilikuwa kinyume, ila mbuzi anaweza kuishi kwa majani ya vichaka, tena ukimwuza mmoja kwa ada ya shule hujaliumiza kundi. Wajukuu zake wanne wanasoma. Mke wake alinipa maziwa kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu, na ladha ile ya moshi haikunitoka mdomoni hadi usiku.

Maji ya boma hutoka mchangani. Korongo lao halina maji juu tangu Juni, lakini vijana wamechimba visima vya kimo cha mtu na nusu, mmoja husimama chini akijaza ndoo, mwingine huipokea na kumimina kwenye hori la udongo lililofinyangwa pembeni. Punda wenye madumu huondoka alfajiri. Nilishuka kisimani nikasaidia kuchota ndoo 40, na hapo nikajua kuwa ng'ombe mmoja mwenye kiu hunywa ndoo mbili bila kuinua kichwa.

Swali nililoulizwa zaidi kuliko yote lilihusu Usangu: majani yamebaki kiasi gani, mfereji unaishia wapi, kuna homa ya mapafu? Nilipoeleza mpango wa mzee wa Kisukuma wa kunywesha siku moja na kuruka moja, alitikisa kichwa kwa kuukubali, akasema kwamba wao pia hufanya hivyo, lakini si kwa mitamba yenye mimba. Kisha akanieleza anavyopeleleza nchi. Zamani alituma kijana kwa miguu, akarudi baada ya wiki na habari zilizokwisha kuchakaa. Siku hizi kijana huenda kwa pikipiki akapiga simu jioni ileile, na kabla ya kundi kuhama wenyeji wa huko huombwa kwanza.

Siku ya nane: Mtera

Asubuhi nilifuatana na kundi la mwenyeji wangu hadi kwenye bwawa, upande wa Migoli. Mtera hujazwa na Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo, na maji yake, yakishazungusha mitambo ya megawati 80 hapo hapo, hushuka hadi Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Bwawa likijaa kabisa uso wake huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa kumi lilikuwa limerudi nyuma sana, na palipokuwa chini ya maji mwezi wa tano palikuwa uwanja mpana wa matope makavu, bustani za mboga, na nyasi mbichi zilizoota kufuata ukingo. Ni mahali pekee katika safari yangu nilipoona majani na maji yamekaribiana. Kwa sababu hiyo kila mtu alikuwa hapo: Wamaasai, Wabarabaig, Wasukuma, Wagogo kutoka ng'ambo, wavuvi na nyavu zao, na wenye bustani waliosimama na fimbo wakilinda nyanya.

Nilikuwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa simu ilipoita. Alikuwa ni mzee wa Usangu, aliyepata namba yangu kwa shemeji. Hakuniuliza habari za safari. Aliuliza kama ni kweli kwamba Mtera pana majani, nikasema ni kweli, nikaanza kueleza mandhari kama nilivyozoea darasani. Alinikatiza.

"Mwalimu, kutoka majani yaliyobaki hadi maji, ng'ombe mwenye ndama anatembea muda gani?"

Asubuhi hiyo, kwa mazoea niliyoyapata mkiani mwa mfereji, nilikuwa nimetazama saa. Nilimwambia kuwa ukingoni ni dakika chache, lakini majani ya ukingoni yamekwisha kugawanywa na yana wenyewe. Yale ambayo mgeni anaweza kupewa yako mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia ndama wake wakilia nyuma ya sauti yake.

"Basi ni sawa na hapa," alisema. "Tutangoja mvua."